Jinsi ya kuisoma na kuikagua picha ya Don Quixote chumbani, chapa ya 1863

Mtajie mtu Don Quixote, yule mzee wa riwaya ya Kihispania aliyevishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu, na kama amewahi kusikia habari zake atakurudishia vinu vya upepo. Sawa. Ila picha iliyonifanya mimi ninunue lenzi si ile ya vinu. Ni ile ya mwanzo kabisa wa kitabu: mzee mwembamba ameketi kwenye kiti kikubwa, mkono mmoja umeinua upanga, wa pili umeshika kitabu kilichofunguliwa, mdomo wazi kama anamkemea mtu, na chumba kizima kimejaa watu na viumbe waliotoka kwenye kurasa alizosoma. Ilichorwa na Mfaransa Gustave Doré, ikachongwa kwenye mti na Héliodore Pisan, ikatoka Paris mwaka 1863 katika toleo la mchapishaji Hachette, juzuu mbili kubwa zenye picha zaidi ya 300.

Nakala zake zimezagaa kila mahali: kwenye mabango, kwenye vikombe, kwenye majalada ya vitabu, na kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni wanaoapa kwamba yao ni "ya asili". Mwongozo huu ni wa mtu aliyeipata mahali, kwenye kitabu kikuukuu au kwenye bahasha ya muuzaji, akataka kujua mambo mawili: inasema nini, na ni ya lini.

Vifaa ni vichache. Lenzi inayokuza mara 10, kama ile ya sonara au fundi saa. Rula. Tochi. Ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Na kitambaa cha kufutia mikono, kwa sababu jasho la vidole halitoki kwenye karatasi likishaingia.

Hatua ya 1: Soma hadithi kabla ya kugusa lenzi

Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanaitazama picha kwa saa nzima bila kuiona.

Sehemu ya kwanza ya riwaya yenyewe, Don Quixote ya Miguel de Cervantes, ilitoka Madrid mwaka 1605, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Juan de la Cuesta. Ya pili ilifuata 1615, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Huhitaji kuzimaliza zote. Soma sura ya 1, ya 5, ya 6 na ya 7 za sehemu ya kwanza. Jioni moja inatosha. Kama Kihispania hukijui, tafsiri ya Kiingereza ya John Ormsby inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na humo humo wameweka picha za Doré.

Sura ya 1 inamweleza bwana mmoja wa La Mancha, eneo la Hispania, anayekaribia miaka 50, ambaye ameuza ardhi yake nzuri ya kulima ili anunue vitabu vya visa vya mashujaa wapanda farasi. Anasoma usiku mpaka kunakucha na mchana mpaka jua linazama. Kwa kulala kidogo na kusoma mno, ubongo ukamkauka. Kichwa kikamjaa uchawi, vita, majeraha na mahaba. Hapo ndipo picha ilipowekwa, na ukisoma sura hiyo peke yake utaridhika kwamba umeielewa.

Sasa jiulize: upanga umetoka wapi? Katika sura ya 1 hakuna mahali anaposoma huku ameshika upanga. Upanga umo kwenye sura ya 5. Mzee ameshatoroka nyumbani, amepigwa, anarudishwa akiwa hoi, na mpwa wake wa kike anamsimulia kinyozi mambo aliyokuwa akiyaficha. Anasema mjomba alikuwa akisoma siku mbili mfululizo, mchana na usiku, kisha anakitupa kitabu, anachomoa upanga na kuzikatakata kuta. Akichoka anasema ameua majitu manne marefu kama minara minne. Jasho linalomtoka anasema ni damu ya majeraha. Halafu anakunywa jagi zima la maji baridi, anatulia.

Mimi nadhani Doré alizisoma sura hizi mbili pamoja na kuzifanya dakika moja. Tofauti ni kwamba kwa mpwa kitabu kinatupwa kwanza, upanga unafuata. Kwa Doré kitabu hakijatupwa. Mzee anapigana na kusoma kwa wakati mmoja, na ndiyo maana picha inamkaba mtu koo.

Sura ya 6 ni ya kasisi na kinyozi kuvichambua vitabu, vingi vikaishia motoni. Na sura ya 7 inafunga mambo: mlango wa chumba hicho unazibwa kwa ukuta. Mwenyewe akiamka anapapasa ukuta akitafuta mlango, haupo. Anaambiwa mchawi amekuja juu ya wingu na kukichukua chumba pamoja na vitabu vyake. Anaamini papo hapo, na jina la mchawi analitoa yeye mwenyewe: Frestón. Sura moja mbele, vinu vikishamwangusha, atasema ni Frestón huyo huyo aliyeyageuza majitu kuwa vinu. Kwa hiyo chumba unachokitazama kwenye picha, ndani ya hadithi hakidumu.

Hatua ya 2: Itazame yote, ukiwa mbali

Iweke mezani, simama hatua mbili nyuma. Usitafute kasoro bado. Jicho lako litaanzia usoni kwa mzee, lipande na upanga, halafu litashuka sakafuni. Sakafuni ndiko kwenye mali.

Kuna vitabu vikubwa vimetupwa ovyo. Kuna kichwa cha jitu, kichwa kitupu kisicho na mwili, chenye manywele na ndevu, kimekaa kati ya vitu vya chumbani kama vile mtu amekisahau hapo. Na kuna wapiganaji wadogo mno wenye mikuki, waliopanda panya badala ya farasi. Hapo mchoraji anacheka, ila anacheka kimyakimya. Ukienda juu utaona mashujaa, mabibi waliotekwa na majoka wakisongamana hewani.

Angalia jambo moja. Doré hakuwatenganisha wa kweli na wa kufikirika. Hakuna wingu la kuwazungushia kuonyesha kwamba hizi ni ndoto. Kichwa cha jitu kinagusa sakafu ile ile inayoguswa na miguu ya kiti. Ndivyo mzee anavyoona, na mchoraji amekukalisha ndani ya macho yake.

Doré alikuwa na miaka 31 kitabu kilipotoka. Alizaliwa Strasbourg mwaka 1832. Kabla ya hapo alikuwa ameizunguka Hispania pamoja na Baron Charles Davillier, akichora barabara, nyumba za wageni, wapanda punda na nyanda kavu. Safari hiyo inaonekana kwenye picha nyingi za kitabu, zile za njiani. Hii ya chumbani haikuhitaji safari.

Hatua ya 3: Tafuta majina mawili

Chini, kwenye pembe za picha, tafuta saini. Jina la Doré ni la mchoraji. Jina la H. Pisan ni la mchongaji. Kwenye picha za zama hizo jina la mchongaji mara nyingi lilifuatwa na herufi "sc", kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "amechonga".

Jina la pili lisikupite. Watu husema "mchongo wa Doré", lakini mistari unayoiona si ya mkono wake. Doré alizoea kuchora moja kwa moja juu ya ubao, mara nyingi kwa brashi na wino uliozimuliwa kwa maji, yaani vivuli laini vya kijivu. Ubao haujui kijivu. Ama unashika wino ama haushiki. Kazi ya Pisan ilikuwa kuamua kila kivuli kitakuwa mistari ya namna gani: minene au myembamba, iliyobanana au iliyoachana. Na alipomaliza, mchoro wenyewe ulikuwa umeliwa na chombo chake. Ulichobaki nacho ni kazi ya Pisan.

Saini peke yake haithibitishi umri. Picha ikipigwa kivuli, saini nayo inapigwa kivuli.

Hatua ya 4: Shusha lenzi kwenye mistari

Hapa usiwe na haraka.

Fikiria mhuri wa ofisi. Sehemu iliyoinuka inashika wino na kuacha alama, iliyochimbwa inabaki nyeupe. Mchongo wa mti ni mhuri mkubwa wa namna hiyo. Mchongaji anapopitisha chombo hachori mstari mweusi, anaondoa mti, kwa hiyo anachora mwanga. Kila kilicho cheupe kwenye picha hii, kuanzia mng'ao wa upanga hadi paji la uso, kimechimbwa kwa mkono. Cheusi ni mti aliouacha.

Mti wenyewe ni ule Wafaransa wanaouita buis, mgumu na mzito, unaokua polepole sana. Hawakuupasua kwa urefu kama fundi wa milango anavyopasua mbao zake. Waliukata kwa kukingama, ili wachonge kwenye ule uso wenye pete. Ukichonga ubao wa kawaida, patasi hufuata nyuzi na kukupeleka isikotakiwa. Kwenye uso wa pete hakuna nyuzi za kukuvuta, chombo kinaenda popote, na ndiyo sababu mistari inaweza kuwa myembamba kama unywele. Mwingereza Thomas Bewick ndiye aliyeipa njia hii heshima mwishoni mwa karne ya 18. Faida yake kubwa ilikuwa kiwandani: ubao ulikatwa kimo kimoja na herufi za risasi, hivyo picha na maneno viliweza kuchapwa kwa mkupuo mmoja.

Sasa tafuta mambo matatu.

Kwanza, kwenye eneo la kivuli, tafuta mahali mistari inapokatana. Ukiona mistari myeupe inayokatana na kuacha vijumba vidogo vyeusi, hiyo ni alama ya mti, maana mistari myeupe hukatana kwa urahisi. Mistari myeusi ikikatana, mchongaji alilazimika kuchimba kila kijumba cheupe kimoja kimoja. Ipo pia, na ukiihesabu kwenye sentimita moja ya mraba utaacha kulalamika kuhusu kazi yako.

Pili, fuata mstari mmoja kwenye nguo au kwenye mkunjo wowote. Mstari wa mti unanenepa na kukonda bila kukatika, kwa sababu mkono ulikuwa ukikandamiza na kulegeza.

Tatu, tafuta kiungo. Mti wa buis hauwi mnene, kwa hiyo ubao wa picha kubwa uliunganishwa kwa vipande kadhaa. Mahali vipande vinapokutana wakati mwingine pamebaki ufa mwembamba mweupe, ulionyooka kama umepigwa rula, unaopita katikati ya vitu bila kujali kama ni uso au ukuta. Mara ya kwanza nilidhani ni mkunjo wa karatasi. Nikageuza upande wa nyuma, hakuna mkunjo. Usipouona usikate tamaa, mafundi wengi waliuficha vizuri.

Hatua ya 5: Itenge na jamaa zake

Ukiona chini ya lenzi vitone vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo ni picha ya picha, imechapwa kwa njia ya kisasa. Ukiona vitone vya buluu, waridi na njano ndani ya kile ulichodhani ni cheusi, imetoka kwenye printa. Kesi imeisha, hakuna haja ya kuendelea.

Kesi ngumu ni pale mistari ipo, haina vitone, lakini ile myembamba imekatikakatika na minene imezibana nafasi nyeupe. Mara nyingi hiyo imetengenezwa baadaye kwa kupiga picha chapa ya zamani na kuihamishia kwenye bati.

Kama pembeni mwa picha kuna mbonyeo wa mstatili kwenye karatasi, kana kwamba sahani imekandamizwa hapo, una mchongo wa bamba la shaba, na huo si wa Pisan. Kwenye shaba mambo ni kinyume: wino hukaa ndani ya mikwaruzo, na karatasi hukandamizwa mpaka iunyonye. Don Quixote wa namna hiyo wapo, tena maridadi, hasa wale wa toleo la Akademia ya Kifalme ya Hispania lililochapwa na Joaquín Ibarra, Madrid, mwaka 1780. Usiwachanganye, wametengana kwa zaidi ya miaka 80.

Kuna jambo ambalo lenzi haitakuambia. Wachapaji waliogopa kuuchosha ubao, wakawa wanaotesha nakala yake ya shaba kwa umeme na kuchapia nakala hiyo. Mistari ni ile ile. Kwa hiyo mtu akikuhakikishia kwamba yake imechapwa kwenye ubao wenyewe, mwombe ushahidi kisha unywe chai yako taratibu.

Hatua ya 6: Karatasi, mgongo, lugha

Pima ukurasa. Toleo la Hachette ni la kurasa kubwa, zinazoipita karatasi ya A4 kwa urefu na kwa upana. Nusu A4 si ukurasa wa kitabu hicho, labda awe ameipunguza mtu kwa mkasi.

Soma maneno chini ya picha. Kifaransa kinaendana na Hachette. Kiingereza kinakupeleka kwenye matoleo ya Uingereza, kama la mchapishaji Cassell wa London, yaliyotumia picha hizo hizo. Hilo si bandia, ni chapa ya zamani ya haki kabisa, ila usiilipie bei ya Paris.

Zima taa, washa ile ya noti. Karatasi ikiwaka buluu kali, ina dawa ya kung'arisha ambayo viwanda vilianza kuitia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Karatasi ya 1863 hukaa imepooza, rangi ya uji. Mimi huanza na kipimo hiki siku hizi, na ningekijua mapema kingeniokolea hela. Niliwahi kununua kwa muuzaji wa mtandaoni ukurasa ulioandikwa "asili, 1863", umewekwa fremu safi, kioo, karatasi ya nyuma imegundishwa. Nikaitundika ukutani miezi minane. Siku nilipoifungua kubadili kioo, mgongoni nikakuta nusu ya jedwali la yaliyomo la kitabu kingine, na anwani ya mchapaji yenye namba ya simu. Muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja.

Kwa hiyo: usinunue iliyofungwa ndani ya fremu bila kuuona mgongo. Omba picha ya mgongo, na picha ya pembe moja iliyopigwa kwa karibu na mwanga wa tochi ukitokea ubavuni. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Na kama anauza kurasa nyingi za kitabu kimoja, ujue amelichana juzuu zima ili auze jani jani. Si kosa la sheria, lakini mimi sinunui kwa mtu wa namna hiyo.

Hatua ya 7: Kuitunza, au kujichapia yako

Kama ni ya zamani, adui zake ni jua, unyevu na gundi. Kwa anayeishi pwani, unyevu ndio wa kwanza, maana unaleta madoa ya kahawia na wadudu wala karatasi. Iwekee kadi isiyo na asidi nyuma na mbele, kioo kisiiguse, na usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Seloteipu usiilete hata karibu. Na tafadhali usiipeleke steshenari ikalaminetiwe. Najua vyeti vyetu vyote tumevilamineti, lakini joto lile na plastiki ile haviondoki tena kwenye karatasi.

Kama unachotaka ni kuiona tu ukutani, huna haja ya kutafuta ya zamani. Doré alifariki 1883, hakimiliki imeshakwisha, na maktaba kubwa zimeweka skani za bure, Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ikiwa mojawapo. Pakua faili kubwa kuliko zote zilizopo. Usiiongezee ukali wala weusi kwenye programu, utaziba ile mistari myeupe ya vivulini ambayo Pisan aliihangaikia. Mwambie mchapaji atumie karatasi nene isiyong'aa, yenye rangi ya maziwa kidogo, na achape kipande kidogo cha majaribio kwanza. Chagua kile cha sakafuni, penye panya na wapiganaji. Wakionekana mikuki yao, chapa nzima. Wakiwa doa jeusi, tafuta printa nyingine.

Halafu geuza nyuma, andika kwa penseli: "nakala", na mwaka uliochapa.